Waandishi Walipogoma, Nilidhani DVD Ni Mbovu

Mwaka wa 2008, kama mwezi wa tatu hivi, niliingia kwenye duka la muvi mtaani kwetu Eastlands nikiwa nimekasirika. Nilikuwa nimenunua sizoni ya tatu ya Prison Break kwa shilingi 50, pesa niliyokuwa nimeweka kwa wiki nzima, na hadithi ilikatika katikati. Sizoni mbili za kwanza zilikuwa na episodi 22 kila moja. Hii ilikuwa na 13.

"Brathe, hii DVD yako imekwama," nilimwambia mwenye duka. "Episodi zingine ziko wapi?"

"Haijakwama. Ziliishia hapo. Waandishi waligoma."

"Waandishi gani?"

"Wale wanaandika hizo story."

Nilikuwa kijana wa miaka 14 na sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kuna mtu anaziandika. Nilidhani Michael Scofield anajisemea tu. Mwenye duka alinicheka, akanipa DVD ya muvi za Jackie Chan nikaangalie bure nirudishe kesho, na hayo yakaisha.

Ulikuwa mwaka mgumu nchini. Uchaguzi wa Desemba 27, 2007 ulikuwa umetuacha tukifungiana milango, shule zilichelewa kufunguliwa, na nyumbani mama hakutaka tutoke giza likiingia. Muvi ndizo zilitukalisha ndani. Kwa hivyo nilichojua kuhusu mgomo ule ni kwamba uliniibia episodi 9 wakati nilizihitaji sana. Sikuuliza walichokuwa wanadai.

Leo mimi mwenyewe ninaandika skripti za televisheni, na swali hilo limenirudia. Wacha nikuambie nilichojifunza.

*

Tuanze na jambo moja ambalo wengi hatulijui. Mwandishi wa Hollywood hamiliki anachoandika. Akiajiriwa kuandika, sheria ya Marekani inaichukulia studio kuwa ndiyo mtunzi na mwenye haki zote. Studio inaweza kuonyesha kazi hiyo mara 100, kuiuza nchi 50, kuitia kwenye kanda, na mwandishi kisheria hana la kusema.

Kinachomwokoa ni mkataba wa pamoja kati ya chama cha waandishi, Writers Guild of America, na studio. Mkataba huo hujadiliwa upya kila baada ya miaka 3 hivi. Ndani yake kuna kile nitakachokiita malipo ya marudio: kila kazi inaporudiwa au inapouzwa kwenye soko jipya, mwandishi anapata kitu kidogo. Pesa hiyo ni muhimu kwa sababu kazi ya uandishi haina mshahara wa kudumu. Unaweza kuandika miezi 6 kisha ukae mwaka bila kuitwa. Malipo ya marudio ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba katika mwaka huo wa ukame.

Sasa, studio hazikuamka asubuhi moja zikaamua kuwa wakarimu. Kila senti ilipiganiwa, na karibu kila mara vita vilianza kwa sababu kuna mashine mpya.

Mashine ya kwanza ilikuwa televisheni yenyewe. Katika miaka ya 1950 studio ziligundua kwamba filamu zilizomaliza kazi yake sinemani zinaweza kuuziwa vituo vya TV. Pesa ikaingia upya, walioandika hawakuiona. Mnamo Januari 1960 waandishi wakagoma, na hawakurudi hadi Juni. Katikati ya mgomo huo waigizaji nao wakaingia, chini ya rais wa chama chao aliyeitwa Ronald Reagan. Ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Walipomaliza, walikuwa wamepata mgao wa filamu mpya zinazouzwa kwa TV, na mpango wa pensheni na matibabu. Walichopoteza ni filamu za zamani. Kazi zote za kabla ya 1960 zilibaki bila mgao huo.

Mashine ya pili ilikuwa kanda za video. Hapa ndipo waandishi walipigwa na butwaa, na ukielewa hesabu hii utaelewa kila kitu kilichofuata.

Studio zilisema kanda ni ghali kutengeneza na hakuna anayejua kama watu watazinunua. Kwa hivyo, kabla ya kugawa chochote, zikatoa asilimia 80 ya mapato kama gharama. Mwandishi akapewa asilimia 1.5 ya ile asilimia 20 iliyobaki. Piga hesabu: ni asilimia 0.3. Mwaka wa 1985 waandishi waligoma kwa sababu ya jambo hili, lakini chama kiligawanyika, na baada ya wiki mbili walirudi kazini wakiwa wameikubali fomula hiyo. Waliambiana kwamba ni soko changa, likikua watarekebisha.

Soko lilikua. Kanda zikawa DVD, na DVD ni rahisi kutengeneza kuliko kanda. Lakini ile asilimia 80 ilibaki palepale. Kufikia 2007, mwandishi alikuwa anapata takriban senti 4 za dola kwa kila DVD iliyouzwa. Dola wakati huo ilikuwa karibu shilingi 65. Yaani haifiki shilingi 3, pesa ya peremende.

Funzo lilikuwa wazi: ukikubali kiwango kidogo kwa sababu "soko bado ni changa," utazeeka nacho.

*

Halafu ikaja intaneti.

Oktoba 2005, Apple ilianza kuuza episodi za TV kupitia iTunes kwa dola 1.99. Mwanzoni mwa 2007, Netflix, ambayo ilijulikana kwa kutuma DVD kwa posta, ikaanza kuonyesha filamu moja kwa moja mtandaoni. Tarehe 29 Oktoba 2007, NBC na News Corporation zilifungua kwa majaribio jukwaa lao la Hulu. Wiki moja baadaye, Novemba 5, waandishi karibu 12,000 waliweka kalamu chini.

Kwenye meza ya mazungumzo, muungano wa studio, AMPTP, ulitoa hoja ileile ya miaka ya 80: intaneti ni kitu kipya, hatujui kama italipa, tungojee tufanye utafiti. Ila mwezi wa tatu mwaka huohuo wa 2007, Viacom, moja ya kampuni zilizokuwa upande huo wa meza, ilikuwa imeishtaki YouTube ikidai dola bilioni 1 kwa sababu vipindi vyake vilionyeshwa humo bila ruhusa. Sasa niambie, kitu ambacho hakijulikani kama kina pesa kinawezaje kukusababishia hasara ya bilioni?

Mfano unaonigusa zaidi ni wa waandishi wa The Office. Mwaka wa 2006 waliombwa kuandika episodi fupi za mtandaoni, zilizoitwa The Accountants. Walisema ni za kutangaza kipindi, si kazi rasmi. Hawakulipwa kwa uandishi huo. Episodi hizo zikashinda tuzo ya Daytime Emmy. Mgomo ulipoanza, waandishi hao walirekodi video wakiwa wamebeba mabango yao barabarani na kuipandisha YouTube, wakieleza kwa utani kwamba mtazamaji anawaona kwenye chombo kile kile ambacho hakiwalipi hata senti. Steve Carell, ambaye alikuwa mwigizaji na si mwandishi wa kila siku wa kipindi hicho, alikataa kwenda kazini. Kipindi kikafungwa.

Kwa upande wa pesa, pengo lilikuwa hivi. Episodi ya saa moja ikirudiwa usiku kwenye kituo kikubwa, mwandishi alipata zaidi ya dola 20,000. Mwishoni mwa Novemba studio zilipendekeza kwamba episodi hiyohiyo ikiwekwa mtandaoni mwaka mzima, alipwe dola 250. Na watazamaji walikuwa wanahama kutoka kule kuja huku. Waandishi waliona kwamba baada ya miaka michache marudio ya TV yatakufa, na wao watabaki na zile 250.

*

Nisikudanganye kwamba ilikuwa hadithi safi ya wema dhidi ya ubaya. Mgomo uliwaumiza watu ambao hawakuwa kwenye mzozo: mafundi wa taa, madereva, wapishi wa seti, washonaji. Hao hawakuwa wanangoja malipo yoyote ya marudio. Walipoteza tu kazi. Vituo navyo vilijaza nafasi kwa vipindi visivyohitaji waandishi wa chama. NBC ilirudisha The Apprentice Januari 2008, safari hii ikiwa na watu mashuhuri, na mwenyekiti wake Donald Trump. Historia ina mambo yake.

Lakini umoja wao ulikuwa na meno. Hafla ya Golden Globes ya Januari 2008 ilifutwa ikawa mkutano wa kusoma majina ya washindi, kwa sababu waigizaji walikataa kupita mbele ya waandishi waliogoma. David Letterman, ambaye kampuni yake ndiyo iliyomiliki kipindi chake, alisaini mkataba wake binafsi na chama na akarudi hewani na waandishi wake, huku washindani wake wakirudi bila wao. Heroes iliishia episodi 11. Breaking Bad, ambayo ndiyo ilikuwa inaanza, ilipata 7 tu kwa sizoni ya kwanza. Jack Bauer wa 24 hakurudi na sizoni mpya hadi Januari 2009. Na mimi Nairobi nikanunua Prison Break nusu.

Tarehe 12 Februari 2008, baada ya siku 100, walipiga kura kurudi kazini. Walipata nini? Chama kilipata haki ya kusimamia kazi zinazoandikwa kwa ajili ya intaneti. Walipata mgao bora kwa episodi zinazouzwa mtandaoni. Kwa zile zinazoonyeshwa bure na matangazo, mwandishi wa tamthilia ya saa moja angepata karibu dola 1,200 kwa mwaka katika miaka miwili ya kwanza, na kuanzia mwaka wa tatu asilimia 2 ya mapato ya msambazaji. Studio nazo zilipewa siku 17 za mwanzo za kuonyesha bila kulipa, au 24 kwa kipindi kipya. Nyongeza ya DVD waliyoitaka kwa miaka mingi waliiondoa mezani hata kabla mgomo haujaanza.

Wengine waliona ni ushindi mdogo. Dola 1,200 si 20,000. Lakini jambo kubwa lilikuwa kuingiza mguu mlangoni. Netflix ilipoanza kutengeneza vipindi vyake, House of Cards mwaka wa 2013 ikiwa kati ya vya kwanza, chama tayari kilikuwa na haki ya kuketi kwenye meza hiyo. Fikiria kama wangekubali kungoja "utafiti."

*

Mlango, hata hivyo, una pande mbili. Majukwaa ya mtandaoni yalileta shida ambayo mkataba wa 2008 haukuiona. Kwenye TV, kipindi kikipendwa kinarudiwa, na kila mtu anajua watazamaji ni wangapi. Kwenye jukwaa la kulipia kila mwezi, kipindi kinakaa tu pale. Wakikitazama watu milioni moja au elfu moja, mwandishi alikuwa anapata kiasi kilekile, na namba zilikuwa siri ya kampuni. Sizoni zilifupishwa kutoka episodi 22 hadi 8 au 10. Kufikia 2023, kwa hesabu za chama chenyewe, karibu nusu ya waandishi wa vipindi vya TV walikuwa wanalipwa kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa. Miaka kumi nyuma walikuwa thuluthi moja.

Mei 2, 2023, waandishi 11,500 waligoma tena. Julai waigizaji wakaungana nao, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu ule mwaka wa 1960. Mgomo wa waandishi ulichukua siku 148. Walipata bonasi kwa kipindi kinachotazamwa na angalau asilimia 20 ya wateja wa Marekani wa jukwaa katika siku 90 za kwanza, haki ya chama kuonyeshwa saa za utazamaji, na kanuni kwamba akili bandia haiwezi kuhesabiwa kuwa mwandishi.

Hapa Nairobi kuna jambo lililopita bila wengi kuliona. Siku moja tu kabla ya mgomo huo kuanza, Mei 1, sikukuu ya wafanyakazi, zaidi ya vijana 150 waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana jijini humu na kupiga kura waunde chama chao. Baadhi yao walikuwa wamelipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu wa mtandao ili ile mashine ijue kusema kwa adabu. Mashine ambayo waandishi wa Los Angeles waliiogopa ilikuwa imeoshwa uso hapa kwetu. Pande zote mbili zilikuwa zinauliza jambo moja: pesa ya mtandao inapoingia, inaishia kwa nani?

*

Sasa nirudi kwangu.

Miaka michache iliyopita niliandika episodi za kipindi kimoja cha TV, nikilipwa shilingi 12,000 kwa kila moja. Nilifurahi sana. Mama aliwaita majirani waje watazame jina langu likipita mwishoni, na likapita mbio hivi kwamba hakuna aliyeliona. Baadaye binamu yangu aliye Qatar akanipigia: "Buda, nimeona kipindi chako kwenye app. Umeomoka!" Kipindi kilikuwa kimeuzwa kwa jukwaa la mtandaoni. Sikuwa nimeambiwa. Nilitafuta mkataba wangu nikausoma kwa mara ya kwanza vizuri, na kifungu cha tisa kilisema nimetoa haki zote, kwa vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa, milele.

Hata kama kifungu hicho hakingekuwepo, ningekuwa na kesi nyembamba. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa inachukuliwa kuwa imehamishiwa aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wakubaliane vingine. Kwa maneno mengine, tuko palepale alipo mwandishi wa Hollywood: hana haki ila ile aliyoiandikisha kwenye mkataba. Tofauti ni kwamba yeye ana chama kinachoujadili mkataba huo kwa niaba yake, na mimi niliusaini peke yangu juu ya boneti ya gari la produsa.

Mwezi uliopita produsa mwingine alituita sisi waandishi wanne kwa kipindi kipya, cha mtandaoni moja kwa moja. Tulikubaliana kwenye WhatsApp kwamba wote tutaomba kitu kimoja: kikiuzwa jukwaa lingine, tupate asilimia fulani, hata iwe ndogo. Nilitumwa nikaseme.

"Kaka, ninawaelewa," alisema, na kusema kweli hakuwa mkorofi. "Lakini hii mambo ya online bado haijaanza kulipa. Tuanze kwanza, tuone itaenda aje. Ikikua tutakaa chini."

Nilimtazama nikakumbuka 1985. Sikusema chochote kuhusu kanda za video. Nilimwambia tutamjibu.

Mmoja wetu ameshasaini. Ana mtoto, ana deni la kodi la miezi miwili, na hakuna hazina ya chama ya kumkopesha wakati anasubiri. Aliandika kwenye grupu, "Samahani wasee," kisha akatoka. Hatujamlaumu. Hata wale wa 1985 waligawanyika.

Jana nilipita pale mtaani. Duka la muvi sasa ni duka la M-Pesa. Nilikumbuka ile shilingi 50 yangu na hasira niliyoingia nayo. Ile DVD ilikuwa bandia. Ilichomwa kwenye kompyuta huko River Road, na hata zile senti 4 zilizokuwa zikipiganiwa hazikutoka kwangu. Nililalamikia episodi 9 ambazo sikuwa nimelipia hata moja.

Tumebaki watatu. Jumatatu saa nne tunampelekea produsa mikataba yetu pamoja, na katika yote mitatu kifungu cha tisa kimepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, chini yake tumeandika asilimia yetu. Anaweza kutuita wajinga na kutafuta waandishi wengine. Nairobi hii hawakosekani. Kama wewe ni mmoja wao, na akikupigia simu Jumatatu mchana, tafadhali muulize kwanza kwa nini nafasi ziko wazi.